Fundi Gesi wa Ndama na Nyumba ya Mwalimu Felisiani

Joviana alikuwa na miaka ishirini na miwili kanisa lilipoleta mafundi wa kujenga mtambo wa biogesi nyumbani kwao Ndama. Walichimba shimo la mviringo nyuma ya zizi, na yeye akapewa kazi ya kuchota maji na kusomba mchanga. Alichota, lakini aliuliza pia. Samadi inageukaje moto? Kuba la matofali linabebwa na nini lisiporomoke? Siku ya nne fundi mkuu alichoka kujibu, akampa mwiko. Walipowasha jiko kwa mara ya kwanza, moto ulitoka wa buluu, mtulivu, usio na moshi. Mama yake, Evaresta, aliutazama tu, kama mtu anayesikiliza habari ndefu, mpaka maji ya chai yakakaukia sufuriani.

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Baada ya miaka michache Joviana alijulikana Karagwe nzima kwa mitambo ya samadi, na watumishi wa serikali walipozidi kuhamia Rubwera, akajifunza na gesi ya mitungi. Wenye nyumba walitaka mtungi ukae nje, bomba lipite ukutani hadi jikoni. Aliyempa kazi nyingi alikuwa dalali wa nyumba aitwaye Rwegasira, mwanaume mrefu, mwenye simu mbili na funguo nyingi kiunoni. Hawakuwahi kuandikiana mkataba. Rwegasira alipiga simu akataja nyumba, Joviana akapakia begi lake la spana kwenye bodaboda, akapita migomba na ukungu uliolala mabondeni, akafika.

Alizipenda nyumba tupu. Akiwa peke yake kwenye sakafu iliyofagiliwa, huku upepo ukisukuma dirisha polepole, aliwaona watu ambao bado hawajahamia. Hapa watoto watafanyia kazi za shule. Pale mtu atasimama asubuhi, kikombe mkononi, akitazama mvua inavyokuja kutoka upande wa Rwanda. Wakati mwingine aliota hivyo hadi akasahau mkono wake uko kwenye koki.

Mwaka ule wa Uviko aliugua wiki nzima. Homa ilipoondoka aliletewa kahawa, akaiona nyeusi, akaisikia moto ulimini, lakini haikuwa na harufu yoyote. Alidhani ni mafua. Mwezi ukapita, kisha mwaka. Dunia ilibaki mahali pake, ila aliiona kama mtu anayeitazama kupitia kioo. Harufu zilihamia kwenye ndoto. Akilala, zilimjia: senene wakikaangwa, majani ya migomba yaliyokaushwa juani, ngozi ya kichwa cha mtoto mchanga. Akiamka, zilikuwa zimekwenda.

Alimwambia mama yake peke yake. Nani angemwita fundi wa gesi asiyenusa? Akaendelea na kazi, lakini kwa namna nyingine. Kila nati aliipaka povu la sabuni akangoja kuona kama litavimba. Kila bomba alilifunga pande zote mbili, akafunga geji ya kupima mgandamizo, akakaa nusu saa akiutazama mshale. Ukishuka hata kidogo, anaanza upya. Rwegasira alilalamika kwamba anachelewesha wapangaji, lakini hakuwahi kurudishiwa nyumba aliyoigusa Joviana, hivyo aliendelea kumwita.

Miaka ilikwenda hivyo hadi ilipofika nyumba ya Mwalimu Felisiani.

Ilikuwa Rubwera, mteremkoni, na mtambo wa samadi uani. Mwalimu alikuwa amestaafu, anahamia Rugu kwa mwanawe mwenye ng'ombe. Mpangaji aliyepatikana ni muuguzi, Kemilembe, aliyekuwa na mama yake mgonjwa na alitaka kuingia kesho yake. Rwegasira alisema kazi ni kubadilisha jiko tu. Mwalimu ameishi humo miaka tisa, hajanusa kitu, na yeye mwenyewe amesimama jikoni asubuhi yote, hajanusa kitu.

Joviana alimwamkia Mwalimu shikamoo, akaingia jikoni, akabadilisha jiko. Akapaka povu kwenye viungo vyote. Hakuna kilichovimba. Kisha akafunga geji.

Mshale ukaanza kushuka. Ulishuka taratibu mno, kama jua linavyohama ukutani, mtu asiyekuwa na subira asingeuona. Rwegasira aliangalia saa. Joviana akafunga tena, akangoja tena, mshale ukashuka tena. Akafuata bomba kwa vidole kutoka jikoni, nyuma ya kabati, mpaka lilipozama ndani ya plasta ya chumba kidogo ambacho mama mgonjwa angelala. Chumba hakikuwa na dirisha ila tundu dogo la juu. Akaomba ruhusa, akagonga plasta kwa patasi. Bomba la chuma lilikuwa limeliwa na kutu. Alipolipaka povu, likachanua jeupe, likapasuka, likachanua tena.

Rwegasira aliinama karibu, akarudi nyuma haraka akifunika pua. Harufu ya mayai viza. Mwalimu Felisiani alishika kichwa. Alisema pua yake lazima iliizoea harufu ile miaka mingi, ikaacha kumwambia. Joviana alikuwa tayari ameenda kufunga koki kule mtamboni na kufungua milango yote.

Wakati huo Kemilembe alikuwa amefika kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Aliposikia yaliyotokea alimgeukia Joviana.

"Mama yangu angelala humo," alisema. "Dada, pua yako Mungu aiweke. Wote hawa hawakunusa, wewe umenusa."

Sifa ile ilimwingia Joviana vibaya kuliko lawama. Angeweza kunyamaza. Miaka yote alikuwa amenyamaza, na hakuna aliyeumia. Lakini mwanamke yule alikuwa anamshukuru kwa kitu asichokuwa nacho.

"Sinusi chochote," akasema. "Tangu nilipougua Uviko. Nimetumia geji na sabuni."

Rwegasira alizungusha funguo zake kiunoni, kisha akatoka nje. Joviana alimaliza kazi siku hiyo na siku iliyofuata, akapitisha bomba jipya nje ya ukuta, akalipima mara tatu. Alipoondoka, dalali alimwambia tu kwamba watu wakisikia habari hii hawatamwelewa yeye Rwegasira. Akamtakia safari njema.

Simu haikulia wiki hiyo, wala iliyofuata. Alisikia kwamba Rwegasira ameanza kumtumia fundi mwingine. Joviana akarudi shambani kwa mama yake. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na mibuni ikachanua yote kwa pamoja, maua meupe kwa meupe, mpaka mteremko mzima ukaonekana kama umefunikwa na wingu lililoshuka kupumzika. Nyuki walivuma. Alitembea katikati ya ule weupe kama anayetembea usingizini, akipitisha viganja kwenye maua, na hakukuwa na harufu.

Evaresta alimfuata, akasimama kando yake. Hakumpa pole. Alianza kumweleza: leo harufu imekolea kuliko jana, ina utamu wa asali ambayo haijakamuliwa, na kwa chini kuna kitu kama udongo uliolowa. Joviana alifumba macho akasikiliza. Siku zote za maua yale, mama alikuwa akimweleza asubuhi na jioni, na hakurudia maneno yale yale hata mara moja.

Ulikuwa mwezi wa pili tangu simu inyamaze, Rwegasira alipokuja mwenyewe Ndama kwa pikipiki. Alimwamkia Evaresta, akakaribishwa, akala ndizi na maharage akizungumzia barabara. Kisha akasema kilichomleta. Fundi wake mpya anaingia jikoni, anavuta pumzi mara mbili, anasema salama, anaondoka. Zamani yeye Rwegasira angefurahi. Sasa kila akikabidhi funguo anakikumbuka kile chumba kidogo. Amemwomba fundi apake sabuni, fundi amemcheka.

"Rudi kazini," alisema. "Ila kila mpangaji tutamwambia ukweli wako. Akikataa, amekataa."

"Na wewe usimpe mtu siku ya kuhamia kabla sijamaliza," Joviana akasema.

Rwegasira alikuna shingo. Kwa dalali hilo lilikuwa gumu kuliko ukweli wote. Mwisho alisema sawa, waitu, kwa heshima ya kikwao.

Wapo waliokataa. Bwana mmoja wa Kayanga alisikia habari yake akafunga mlango kwa adabu. Wengine walisikia, wakafikiri, wakamwacha aingie. Kemilembe aliwaelekeza kwake wauguzi wenzake watatu, na aliwaambia mwanzo mwisho, hakuficha.

Naye Mwalimu Felisiani alimwita Rugu, kwa mwanawe, akajenge mtambo mpya. Joviana yuko huko wiki hii. Anasimama ndani ya shimo akipanga matofali kwa mduara, na kila mstari mpya unamfunika zaidi, mpaka mbingu imebaki duara moja juu ya kichwa chake. Mawingu yanapita humo polepole. Mara ng'ombe mmoja mwenye pembe ndefu anasogea ukingoni, anainamisha kichwa, anamtazama. Joviana naye anamtazama, mwiko mkononi, kisha anaomba ashushiwe ndoo nyingine ya saruji.