Bwana Harusi Aliyekuja Kinyumenyume

Fulgensi aliishi kwa kusugua. Ukimtaja pale Ifakara mwaka ule wa 1996, watu walikuonyesha baiskeli iliyosheheni masufuria yanayogongana mpaka kuku wanakimbia, na juu yake kijana mrefu mwenye mikono ya kijivu hadi viwikoni. Alipita kwenye nyumba yenye harusi, yenye kipaimara, yenye msiba, akakusanya masufuria yenye masizi na kuyarudisha yaking'aa kiasi cha wenyewe kubishana kama ni yao. Dawa yake ilikuwa majivu ya pumba za mpunga, na katika bonde la Kilombero pumba hazina mwenyewe. Aliyachekecha kwa kitambaa, akatia tone la mafuta ya taa, akasugua huku anaimba vibaya.

Sasa kijana huyu alikuwa anaoa, na furaha ilikuwa imempanda kichwani. Mchumba wake, Eveline, alikaa ng'ambo ya mto, karibu tu na kivuko cha Kivukoni. Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho ni Shangazi Bernadeta, aliyemlea Eveline tangu mama yake afariki. Posa aliipokea, ila kwa midomo iliyobana.

"Kusugua si kazi," alisema mbele ya wazee. "Mtoto nitamruhusu kwa kuwa anampenda. Lakini kanisani msinitafute."

Eveline alilia kwa neno lile mpaka macho yakavimba. Fulgensi akaapa moyoni kwamba siku ya harusi shangazi atakwenda kanisani, tena kwa sababu ya kusugua huko huko.

Gari la harusi lilikuwa Korola nyeupe ya rafiki yake Abdulkarim, dereva wa teksi. Lilitoka Japani na rimu zake za alumini, zile za sporti, ila vanishi iliyozifunika ilikuwa imegeuka njano na kubanduka pembeni. Fulgensi alizitazama akaona sufuria nne. Alisugua ya kwanza kwa majivu asubuhi nzima, majivu yakateleza tu juu ya vanishi. Ndipo Abdulkarim alipomshauri apake mafuta ya breki, kwa maana yaliwahi kumwagikia boneti yake yakaondoka na rangi. Kwa raha aliyokuwa nayo, Fulgensi akapaka rimu zote nne kwa mpigo. Vanishi ikavimba, ikajikunja, ikaanza kutoka kwa msasa. Kutoka ilitoka, lakini kwa madaha. Jioni ya kuamkia harusi alikuwa amemaliza rimu mbili tu, za upande wa kushoto. Ziling'aa mpaka akacheka peke yake. Za kulia zilikuwa zimebabuka, mbaya kuliko kabla hajazigusa.

Hakufadhaika. "Nyumba ya shangazi iko kushoto mwa barabara," alimwambia Abdulkarim. "Tutasimama, wataona upande mzuri, tutaondoka."

Asubuhi walipanda kivuko, mshenga wao Mzee Hermenegildi akiwa kiti cha nyuma ndani ya koti la kuazima. Katikati ya mto Abdulkarim akauliza, "Umesema kwa shangazi ni mkono gani?"

Fulgensi aliinua mkono wa kushoto, ukabaki hewani, akaushusha taratibu. Kila alipokwenda kwa shangazi alitembea ameinamisha kichwa kwa woga, haoni kitu. Alipoondoka ndipo alipopata nguvu ya kugeuza shingo kumtazama Eveline akimpungia mlangoni, na Eveline alikuwa kushoto siku zote. Kushoto kwa mtu anayerudi mtoni. Kwa anayetoka mtoni, nyumba ilikuwa kulia.

"Tupite, tukageuze huko mbele," alisema Mzee Hermenegildi.

"Mbele njia ni nyembamba, mzee, huku jaruba la mpunga, huku jaruba," Abdulkarim alijibu. "Pa kugeuzia ni kivukoni tu." Kisha akaanza kucheka, kwa sababu alikwisha kuona watakachofanya.

Waligeuza gari pale pale waliposhuka kwenye kivuko, wakaenda ukweni kwa rivasi, rimu za kushoto zikielekea nyumba. Vigelegele vilivyokuwa vimeanza uani vikakatika. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akauliza mbona wanatanguliza matako ya gari.

Mzee Hermenegildi alishuka akafunga kifungo cha koti. "Kwetu bwana harusi mwenye adabu hawakabili wakwe mpaka aambiwe karibu."

"Sisi na ninyi si watu wamoja?"

"Mila hii tumeianza mwaka huu."

Shangazi Bernadeta hakucheka. Aliinama kwenye rimu za kushoto, akazitazama kwa muda, na Fulgensi akaona midomo yake inalegea. Moyo ukamruka kwa furaha. Kisha mama yule akanyanyuka, akazunguka nyuma ya gari mpaka upande wa pili.

"Na hizi zimepatwa na nini?"

Mshenga alikuwa amekwisha kufungua kinywa kuleta mila nyingine. Fulgensi akamwahi.

"Sijazimaliza, shangazi. Kazi ilinizidi. Nikaogopa usije ukaziona."

"Kazi ilikuzidi," alisema Shangazi Bernadeta, akifunga kitenge vizuri kiunoni. "Kumbe ni kazi. Leteni majivu, mtoto wangu hatoki hapa na gari lililonawa upande mmoja."

Hapo uani pakawa na vurugu tamu. Wanawake walichuchumaa na gauni zao za harusi, madodoki mkononi, wimbo wa bibi harusi ukageuzwa wa kusugulia, na vanishi iliyolala na mafuta ya breki usiku kucha ikabanduka bila msasa. Eveline alipotaka kusaidia alifukuzwa arudi ndani na gauni lake jeupe, akabaki dirishani anacheka na kulia. Fulgensi alikimbia huku na huku akifundisha, "Zungusheni, msikaze," na shangazi, majivu hadi viwikoni, akamwambia asimsumbue.

Rimu zilipong'aa zote nne, shangazi alinawa, akajitupia mtandio, akafungua mlango wa mbele na kukaa kwenye kiti cha bwana harusi.

"Dereva, twende. Padri anatusubiri."

Nyuma walijaa Eveline, msimamizi wake na Mzee Hermenegildi. Hakuna aliyethubutu kumwambia shangazi ahame. Fulgensi aliazima baiskeli akalifuata gari kuelekea kivukoni, tope likimrukia suruali mpya. Mama mmoja kando ya njia alimpa pole kwa kukosa nafasi kwenye gari la harusi, naye akaitikia ahsante huku akicheka.