Gia Iliyonywea

Watu wa Jilore walimwona Ngumbao kuwa mtu mwenye lake. Amestaafu kazi ya karakana katika kiwanda cha mkonge, ana shamba, ana mbuzi, na badala ya kupumzika anashinda nyuma ya jikoni akiunda mashine ndogo ya kukereza vyuma.

"Itasaga mahindi?" walimuuliza.

Haisagi.

"Basi itavuta maji?"

Haivuti. Ilikuwa mashine ya kutengenezea vipuri vya mashine nyingine, na hizo nyingine hakuwa nazo. Mkewe, Mama Kabibi, alisema heri hivyo kuliko ulevi wa mnazi.

Kusubu alikujua vizuri. Aliyeyusha pistoni za magari mabovu, akaumimina uji wake kwenye kalibu ya mchanga wa mtoni. Alianza kwa kuchonga mfano wa kitu kwa mti, akaukandamiza mchangani, akauchomoa taratibu, na pale ulipotoka ndipo palipomiminwa. Lakini gia ya meno arobaini ilimshinda. Macho yalikuwa yameanza kumtania, vidole navyo vikafuata.

Ndipo Kabibi, binti yake wa pekee, mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi huko Kilifi, alipomwambia, "Baba, wewe nipe vipimo tu. Mfano nitakuchapishia mimi." Chuoni kwao kulikuwa na mashine inayochapisha vitu kwa plastiki, utando juu ya utando, mpaka kitu kikasimama.

Sasa, kila msubu anajua kwamba chuma kikipoa hunywea. Kwa hiyo mfano hufanywa mkubwa kidogo kuliko kitu kinachotakiwa. Kabibi naye alijua, kwa kuwa alikulia miguuni pa baba yake. Siku ile akiandika vipimo aliuliza, "Baba, kunywea umeshakuweka?"

Ngumbao hakuwa amekuweka. Alidhani kompyuta hujiongezea yenyewe, maana aliambiwa inajua kila kitu. Angeuliza, yangekwisha. Lakini karakana nzima haikuwahi kumhoji kipimo chake kwa miaka thelathini, sembuse mtoto aliyemzaa.

"Andika kama nilivyokwambia," alisema.

Kabibi akaandika.

Mfano alikuja nao mwezi uliofuata, wa manjano, mwepesi kama andazi, meno yote arobaini yamekaa sawasawa. Alimweleza baba yake namna ya kuutumia. Huu hauchomolewi. Unazikwa ndani ya jasi ileile ya mafundi wa dari, jasi ikikauka inatiwa motoni, plastiki inaungua yote, na ndani linabaki tundu lenye umbo lake. Ni wa kutumika mara moja tu.

Wiki tatu baadaye Kabibi akafa. Alizaliwa na ule ugonjwa wa damu wa seli mundu, na mara nyingi alikuwa amelazwa akatoka akicheka. Safari hii hakutoka. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Walimzika pembeni mwa boma, wakakaa matanga, watu wakatawanyika.

Miezi mitano mfano ule ulikaa rafuni. Ngumbao aliushika kila asubuhi akaurudisha, maana kuutumia ni kuuchoma, na mikono ya Kabibi haingeleta mwingine. Mwishowe aliona aibu kazi ya mtoto ioze na vumbi. Akaukoroga ule unga wa jasi, akauzika mfano ndani yake, na siku ya kuuchoma alikaa upande ambako upepo ulielekea, akaumeza moshi wote. Alilia, na hakuusingizia moshi.

Kisha akamimina uji wa pistoni tunduni. Ulipopoa akaipasua kalibu, na gia ikatoka nzuri ajabu. Aliisafisha, akaipachika kwenye ekseli yake, karibu na gia nyingine ya mashine. Meno hayakushikana sawasawa. Katikati palibaki upenyo wa kupitisha ukucha.

Mama Kabibi alitoka jikoni. "Imekuwaje?"

"Mtoto alisahau kuongeza," Ngumbao alisema.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiri, na likishatoka ndiyo limetoka. Mkewe alimtazama.

"Mwanangu hakuwa mzembe," alisema, akarudi ndani. Siku tatu hawakuzungumza ila salamu.

Siku ya nne Ngumbao alikwenda Kilifi kuomba achapishiwe mfano mwingine. Akampokea Peterson, kijana wa bara aliyefundisha pamoja na Kabibi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Peterson aliifungua kompyuta aliyokuwa akiitumia marehemu, na mchoro wa gia ukatokea. Chini ya vipimo palikuwa na maandishi. Peterson aliyasoma kimya kwanza, kisha akayasoma kwa sauti, kwa sababu mzee alikuwa hakuja na miwani:

"Naona ni pungufu. Lakini ni kipimo cha Baba. Kisiguswe."

Ngumbao aliomba kiti. Peterson akauliza kwa adabu, "Niongeze, mzee?"

"Ongeza," alisema. "Moja na nusu kwa mia."

Alifika nyumbani jua limeinama kidogo, akamkuta mkewe anachambua mchicha. Hakukaa.

"Mama Kabibi, nilimsingizia. Aliniuliza, nikamziba mdomo. Kosa lilikuwa langu."

Mama Kabibi hakuinua uso. "Mimi unaniambia ya nini?" alisema. "Mwambie yeye."

Basi akaenda pembeni mwa boma, akachuchumaa kando ya kaburi ambalo bado halikuwa limejengewa. Magugu yalikuwa yameanza kuota, akayang'oa moja moja mpaka yakaisha, na hata yalipoisha aliendelea kukwangua udongo kwa kidole.

"Mama," alisema, kama alivyokuwa akimwita bintiye tangu utotoni, "uliona. Mbona hukukigusa?"