Nguzo ya Darubini Iliyompita Baba Kichwa

Wakuu wa darasa la nane, salaam. Nabandika karatasi hii ubaoni kabla mwalimu wa zamu hajafika. Ni kweli tupu. Anayebisha aje kwetu Kinondoni ajionee.

Mnajua baba ni karani. Mzungu wake wa kazini alipokuwa anarudi kwao alimwachia darubini ya shaba, ndefu futi tano.

Bibi, mama yake baba, akataka auone mwezi kwa karibu kabla macho hayajafunga. Jicho moja limeshaingia ukungu. Mgongo haukunjiki, magoti ndo kabisa.

Baba akaleta boriti. Akakaa kitini, akailaza darubini kuelekea mnazi wa jirani, akapima usawa wa jicho LAKE. Akalikata boriti, akasimika nguzo ya futi nne.

"Hiyo ndiyo kazi ya msomi," akasema.

Jioni mwezi nusu ukawa utosini. Baba akaielekeza darubini juu. Mkia wake, pale pa kuchungulia, ukashuka hadi magotini!

Karani mzima kalala mkekani na suruali ya pasi. Jirani akachungulia uani: "Pole bwana, umeanguka?"

Mie nilicheka hadi nikafukuzwa.

Bibi naye akajaribu kuinama, akashindwa. "Basi wanangu. Mtanisimulia."

Hapo kicheko kikanikauka.

Kesho yake sikuja shule (ile homa ilikuwa hii, mwalimu nisamehe). Nikamkalisha Bibi kitini, nikapima kwa kamba toka chini hadi jichoni. Nikajumlisha nusu ya darubini, maana nguzo huishika katikati na mkia hushuka kiasi hicho ikitazama juu. Futi sita!

Boriti refu kiasi hicho lilikuwa moja tu, lililoshika banda la kuku. Kuku wakahamia jikoni.

Baba akarudi, akaikuta nguzo imempita kichwa.

"We mwehu! Unasimika mlingoti wa bendera? Nani ataifikia?"

"Shikamoo baba. Muite Bibi."

Bibi akaketi. Nikaielekeza darubini kwenye mwezi, mkia ukashuka taratibu mpaka kwenye jicho lake zima. Hakuinama hata kidogo.



"Ee! Kumbe mwezi nao una makovu ya ndui!"

Alikigandia kiti, hakutoka hadi adhana ya Isha. Baba alikuwa wa mwisho kwenye foleni, na zamu yake ilipofika alisema tu, "Sogeza kushoto kidogo." Kwa baba, hiyo ndiyo samahani.

Funzo wakuu: anza na jicho la mtazamaji akiwa ameketi raha, darubini ikitazama juu. Nguzo ije mwisho.

Nimeacha nafasi hapo chini. Aliyewahi kumshinda baba yake kwa hesabu aandike, penseli inaning'inia.

Na mtakaouliza habari za kuku: wanataga kwenye sufuria.