Mgomba wa Kwenye Kona

Mgomba uliokatwa una harufu. Wengi watanibishia, lakini mimi naijua: harufu ya maji yaliyolala, yenye ukakasi, kama msumari uliolowa. Nikiisikia popote narudi Kavimvira, kwenye kiwanja ambacho hakikuwa chetu.

Tulipanga nyumba ambayo kuta zake zilikuwa zimekula uwanja wote. Mlango wa nyuma ulitazama ua wa minyaa, na ng'ambo ya minyaa kulikuwa na kiwanja kitupu cha Papa Ombeni, aliyehamia Bujumbura na kuturuhusu kulima mpaka siku atakapojenga. Baba alikuwa migodini, na alirudi migodi ilipomchoka. Kwa hiyo kiwanja kile ndicho kilichotulisha: maharagwe, lengalenga, matembele. Mama, mzaliwa wa milima ya Lemera, aliwacheka majirani zake. "Munalima mahali pa sawasawa kama meza," aliwaambia, "na bado munalia mugongo!"

Sharti lilikuwa moja, na kwetu kila mtu analijua: kwenye ardhi ya kuazima unapanda kinachong'olewa. Mti hapana. Mgomba hapana kabisa, kwa sababu haufi. Unazaa wengine chini kwa chini, na anayeupanda huonekana ameanza kudai kiwanja. Niliuliza kwa nini mmea uaminiwe kuliko neno la mtu. Niliambiwa ninyamaze, kama kawaida.

Mwaka mmoja Mama alikuwa mjamzito. Asubuhi moja mimi na mdogo wangu Baraka tulipelekwa Kiringye, kwa shangazi. Tuliporudi, tumbo halikuwepo na mtoto hakuwepo. Nikauliza. "Alirudi kwao," alisema jirani mmoja, na wanawake waliokuwa wakiosha vyombo pale wakaanza ghafla kuzungumzia bei ya samaki wa ndagala. Kule kiwanjani, kwenye kona iliyopakana na minyaa, palikuwa na mgomba mchanga.

Maharagwe yalikuwa yanatoa maua Papa Ombeni alipokuja, akiwa na kibarua mwenye jembe. Hakuwa mtu mbaya. Kila akija alituletea mikate.

"Mama Furaha, hii iko nini?"

"Mugomba, papa."

"Naona iko mugomba! Weye nani alikuambia kupanda mugomba?"

Jirani yetu Mama Zawadi alichungulia juu ya minyaa akicheka: "Acha tu, papa. Kesho atapanda na mulango!"

"Chimba," Papa Ombeni alimwambia kibarua. "Toa na mizizi yote, isiote tena."

Ndipo Mama akapiga magoti na kuukumbatia mgomba ule. Sikuwahi kumwona amepiga magoti nje ya kanisa.

"Papa, minye nimekosa. Nitaukata mwenyewe. Ukiota tena, nitakata tena. Maharagi yote chukua, kulima naacha leo. Lakini jembe lisiingie hapa."

"Unaniachia maharagi sababu ya kisiki?"

"Ndiyo, papa."

Papa Ombeni alimtazama kama mtu anayetafuta mtego ulipofichwa. Mwishowe akakubali. Mama alichukua panga akakata, na maji ya mgomba yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Ile harufu ndiyo hii ninayowaambia.

Baada ya hapo tulikula bugali na chumvi. Nywele za Baraka zikawa nyekundu, miguu ikavimba, na kule ng'ambo maharagwe yetu yakavunwa na watu wengine. Nilimuuliza Mama kisiki kile kilikuwa na nini cha kuzidi sahani zetu. "Kula," aliniambia. Kila kilipochipua alivuka minyaa na kisu, akakata, akarudi.

Mwaka jana, nikiwa likizo kutoka chuo kikuu, Papa Ombeni alianza kujenga. Siku mafundi walipofika kwenye kona ile na msingi wao, Mama alipika sufuria kubwa ya maharagwe akawapelekea, kisha akabaki amesimama pale. Nikamfuata na maswali yangu.

"Unawapikia watu wa yule?"

"Ule mutoto wa nyuma ya Baraka iko pale," alisema, macho yakifuata jembe. "Alizaliwa, hakulia. Wa hivyo hapelekwi makaburini, wanawake tu ndio wanamuzika, karibu na nyumba. Kwetu ilikuwa saruji tupu. Na huku jembe linapita kila musimu. Ningeweka nini juu yake chenye haking'olewi?"

"Kwa nini hukumwambia Papa Ombeni?"

"Kwa mugomba tu aliona namuibia kiwanja. Kaburi je?"

Fundi alitupa nje kisiki kilichooza, kisha udongo mweusi, kisha udongo tu. Mama aliutazama kila uliporushwa.

"Hawaone kitu," alisema. "Alikuwa mudogo sana."

Nilikuwa na maswali mengine. Nilichukua sahani, nikaanza kuwagawia mafundi chakula.