Saa ya Dîner

Mwalimu Ghislaine Bérubé wa mji wa Rimouski hakujaliwa kuchora. Farasi wake wa ubaoni, wahamiaji wa darasa la Kifaransa walimwita mbuzi; mmoja alimwita meza. Shule ilipoleta katuni za msamiati kutoka Paris, ng'ambo ya bahari, alizipokea kwa mikono miwili. Sungura alipiga mswaki, neno likatokea, sauti ikalitamka, darasa likaitikia. Sungura aliketi kula, mwezi umetoka dirishani, likatokea neno dîner. Ghislaine alikaa nyuma na kahawa yake, akitazama theluji. Kazi ilikuwa imempata mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Darasani alikuwamo Wilmer Huanca, mchomelea vyuma kutoka Peru, mgane mwenye sauti ya chini. Kozi ilipokwisha, Ghislaine, ambaye tangu talaka hakuwa amemkaribisha mwanamume kwake, alijipa moyo.

"Njoo Jumapili, dîner," alimwambia.

Wilmer alikubali, masikio yakawa mekundu.

Jumapili Ghislaine alioka pai ya nyama, akavaa hereni. Saa sita ya mchana ikapita. Saa saba dada yake Réjeanne akapiga simu.

"Vipi, kaja?"

"Bado."

"Pole, mdogo wangu. Wanaume ni wale wale, wa Peru kwa wa hapa."

"Nakula, Réjeanne. Kwaheri."

Kipande cha kwanza alikila kwa ukaidi, cha pili kwa hasira. Iliyobaki akampelekea mbwa wa jirani. Kisha akavua hereni, akaosha vyombo huku analia. Aliumia, na hilo halina haja ya kufichwa.

Saa kumi na mbili jioni kengele ikalia. Alikuwa Wilmer, kanyoa ndevu, kafunga tai, kashika maua yaliyoganda kwa baridi.

"Habari za jioni, Mwalimu. Sijachelewa?"

"Umechelewa saa sita tu. Dîner ni mchana."

"Mchana? Mbona sungura alikula usiku, mwezi huooo!"

"Sungura yule ni wa Paris. Hapa chakula cha usiku kina jina lake lingine."

"Sasa mbona hukutuambia, Mwalimu?"

Ghislaine alifikiri.

"Nilikuwa nakunywa kahawa," alisema. "Na usiniite Mwalimu. Ingia, utaganda. Pai kaimaliza mbwa."

"Mbwa alikuja mchana?"

"Yeye kazaliwa hapa," alijibu Ghislaine, akampokea koti, akaenda kuvunja mayai.