Mashine Iliyokoroma Kando ya Kiti

Wanafunzi walimwita Bi Kifutio, kwa sababu enzi za ujana wake kifutio cha ubao kilikuwa kikiruka kutoka mkononi mwake na kutua kichwani mwa mpiga soga bila kupotea njia. Siku hizi hakirushi. Bega limechoka, na isitoshe wazazi wana simu zenye kamera. Jina tu ndilo lililobaki.

Alikuwa mjane. Nyumbani kwake palikuwa na viti vinne na makalio ya mtu mmoja. Jioni aliwasha redio si kwa ajili ya habari, bali apate mtu wa kubishana naye. Basi mashine ya kusafisha hewa ilipoletwa shuleni, ilimkuta pabaya.

Ilikuwa zawadi ya wafadhili, nyeupe, kimo cha mtoto wa chekechea. Kwanza ilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu ili ajaribu kama inafaa. Alijaribu muhula mzima, akanawiri. Wafadhili waliposema watakuja kuiona ikifanya kazi darasani, ghafla hewa ya watoto ikawa jambo la dharura. Ikapelekwa kwa Bi Kifutio, ambaye madirisha ya nyuma ya darasa lake yanatazama barabara ya malori ya kokoto. Iwekwe wapi? Mwalimu mkuu alisema popote, mradi mgeni akiingia mlangoni aione.

Bi Kifutio akaiweka kando ya kiti chake, kwenye pembe kati ya ukuta na kabati. Kisha akaitandikia kitambaa alichokifuma mwenyewe, kile kilichokuwa kikifunika redio ya marehemu. Kitu cha thamani hakikai uchi. Alipoiwasha, mashine ikahema kwa shida chini ya kitambaa, ikapandisha mngurumo mzito, ikatua kidogo, ikashusha, ikaanza tena. Kalamu ikamdondoka. Marehemu mumewe alikuwa akikoroma hivyohivyo.

Hakumwambia mtu. Lakini watoto hawahitaji kuambiwa. Kabla ya wiki kwisha walishaiita Mume wa Mwalimu, na chumba cha walimu kikadaka. Mwalimu wa hesabu, kila akipita na kikombe chake cha chai, aliuliza, "Shemeji ameamkaje leo?" Naye alijibu kwamba ameamka salama, na kwamba angalau analala anapojulikana, si kama waume fulani. Walicheka wote. Alicheka pia, kisha akarudi darasani kabla kengele haijamwita.

Jioni alibaki akisahihisha madaftari ubavuni mwa ule mkoromo mpaka mlinzi aje kufunga. Hakubaki peke yake. Kwenye dawati la nyuma kabisa, chini ya dirisha, alikaa msichana mmoja mrefu waliyemwita Twiga. Wenzake wakitoka kucheza mpira wa pete, yeye hakutoka, maana akikimbia hatua chache kikohozi kinamkunja kama kisu cha mfukoni. Basi alifuta ubao na kusimulia: paka wao amezaa ndani ya kapu la nguo za wateja, jirani yao anaimba akioga na hajui maneno. Upuuzi mtupu. Bi Kifutio aliubeba mpaka nyumbani na kuurudia akila.

Siku moja baada ya vipindi akaja mama yake Twiga, fundi cherehani, akakaa kwenye dawati la mwanawe.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe," alianza, na wote wawili wakajua ugomvi upo. Akaeleza kwamba mtoto akishinda nyumbani Jumamosi na Jumapili kifua kinatulia, Jumatatu akirudi shule kinaanza upya. Muhula ukiisha bila nafuu, atampeleka kwa shangazi yake akasome huko.

"Lakini mama, darasa hili ndilo lenye mashine."

"Naisikia." Mama akainuka. Sketi yake nyeusi ilikuwa imeshika vumbi nyuma kote. Akajipangusa bila haraka. "Sketi hii nimeitoa kwenye pasi mchana huu."

Alipoondoka, Bi Kifutio alipitisha kiganja juu ya meza yake. Safi. Dawati la mbele lilikuwa na unga kidogo. Akaenda nyuma, dawati kwa dawati, na kiganja kikazidi kuwa kijivu. Kwenye dawati la Twiga mtu angeweza kuandika jina lake kwa kidole. Mashine ilikuwa ikimsafishia mtu mmoja. Pale pembeni, imezibwa mdomo kwa kitambaa, ilivuta hewa yake na kumrudishia hewa yake, kama wapenzi wanaonong'onezana mbele za watu. Watoto walikohoa, yeye na mashine wakinong'ona.

Akakaa, akausikiliza mkoromo muda mrefu kuliko ilivyostahili. Halafu akaondoa kitambaa.

Mlinzi alileta waya wa ekstensheni, wakaivuta mashine hadi nyuma, katikati ya madawati, mbali na ukuta. Kioo kimoja cha madirisha ya nyuma kilikuwa kimevunjika, wakakiziba kwa boksi.

"Mmeachana?" mlinzi akauliza.

"Amehamishwa kikazi."

Bila kitambaa mkoromo ulikufa. Ikabaki sauti nyembamba, kama ya mtu anayepoza chai. Mwalimu wa hesabu alipouliza habari za shemeji, alijibiwa "hajambo" kavu, hakuuliza tena.

Kikohozi cha Twiga hakikukata siku moja. Kilipungua, kikarudi, kikapungua zaidi, na muhula ulipokaribia kwisha mama alituma salamu: mtoto haendi kwa shangazi. Bi Kifutio alifurahi kwelikweli, akasubiri kengele ya mwisho kama mwenye mgeni.

Kengele ilipolia, Twiga alikuwa mlangoni akibadilisha viatu.

"Mwalimu, wamenichukua kwenye timu. Nadaka juu kuliko wote."

"Nenda basi, wasianze bila wewe."

"Na ubao?"

"Ubao hauna haraka."

Akaufuta mwenyewe. Akachukua madaftari, akaenda nyuma, akajibanza kwenye dawati la Twiga, magoti yakigota mbao. Kutoka huko meza yake ilionekana ndogo, na kiti chake kilionekana kama cha mtu aliyesafiri. Kelele za uwanjani zilipenya dirisha lililofungwa. Akainamia mashine, akasikiliza. Ilihema vizuri tu, kama mtu mwenye afya aliyelala fofofo na hana habari naye.

Akafungua daftari la kwanza.