Nondo Katika Baiskeli ya Mama

Mume wangu Leodgar hawezi kuona kitu chembamba akakiacha kilivyo. Ni fundi wa injini za boti hapa Ujiji, na imani yake kubwa ni chuma. Mguu wa meza ukilegea, nondo. Mlango ukining'inia, nondo. Tena si yeye peke yake. Huku Kigoma hata baiskeli mpya ikitoka dukani hupitishwa kwanza kwa fundi kuongezewa vyuma, maana kesho itabebeshwa madumu ya mawese na hakuna atakayeihurumia. Ndiyo maana nilisita sana kumkabidhi baiskeli ya mama.

Mama alikuwa mkunga. Baiskeli alipewa na masista waliokuwa wakirudi kwao Ulaya, na mjini hapa sijaona nyingine kama ile. Bomba la fremu limepinda kama shingo ya bata na kushuka chini kabisa, mnyororo wote umefunikwa na boksi la bati, na gurudumu la nyuma lina wavu wa kuzuia nguo isinaswe. Mama alikuwa akikatiza mtaa wa Buzebazeba na kitenge chake, mgongo umenyooka, wanaume wakimpisha. Mimi nilijifunza kuendesha uani, kwa kuiba baiskeli za kaka zangu, na barabarani sijawahi kutoka. Sasa ni bibi wa wajukuu, na nilitaka kupita pale kama mama alivyopita. Anayecheka na acheke.

Ilikuwa imekaa miaka darini kwa kaka yangu, kule mtaa wa Katubuka. Boksi lilikuwa limeliwa na kutu, pedeli moja haipo, wavu umebaki kulabu tu. Vipuri haviuzwi popote. Leodgar alipiga simu mpaka Bujumbura, wakamcheka. Basi akaamua kuvitengeneza mwenyewe, na kusema kweli hapo nilimpenda upya. Boksi alilipima kwa katoni, akalikata kwenye mlango wa friji bovu, akaligonga taratibu juu ya gogo mpaka likapinda sawasawa. Pedeli akaichonga kwa mninga. Wavu ulisukwa na jirani yetu Melania, anayeshona nyavu za dagaa, na Leodgar alimsimamia kichwani akikosoa kila fundo mpaka akafukuzwa.

Kisha dada yangu wa Mwamgongo akaugua, nikapanda boti kwenda kumuuguza.

"Baba Bariki, imebaki rangi tu," nilimwambia Leodgar. "Paka rangi, usiguse kingine."

"Ego," akakubali kwa Kiha.

Niliporudi alinipokea pwani Kibirizi, na baiskeli yenyewe mkononi. Ilikuwa ya kijani, inang'aa, wavu mweupe pe. Na kutoka kwenye usukani hadi kwenye kiti lilikuwa limechomelewa bomba nene, limepigwa tupa mpaka huoni lilipoungwa.

"Nimeiokoa," alisema. "Fremu ilikuwa nyembamba mno. Ingekatika ukipanda mlima wa Mwanga."

Alikuwa na furaha, maskini. Abiria niliokuja nao waliishikashika wakimsifu. Mimi nilishika usukani, nikainua mguu, kitenge kikanibana magotini. Nikajaribu tena. Kulivuka bomba lile ningelazimika kupandisha nguo hadi kiunoni, mbele ya wavuvi wote wa Kibirizi.

"Utavaa suruali, Mama Bariki."

"Mama hakuvaa suruali. Hii umejitengenezea mwenyewe, mimi siwezi kuipanda."

Aliisukuma mpaka nyumbani. Nilikuwa na hasira, na bado nilimwonea huruma, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri na ameifanya kwa ajili yangu.

Asubuhi nilimkuta uani amechuchumaa mbele ya baiskeli.

"Hebu nionyeshe mama yako alivyokuwa akipanda," alisema bila kunitazama.

Nikajifunga kanga vizuri, nikashika usukani ambao haupo, nikapitisha mguu mbele ya kiti ambacho hakipo. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Aliliangalia goti langu kwa makini, jinsi anavyoangalia pistoni.

"Bila bomba itakatika," akasema.

"Ikikatika, imekatika na mimi juu yake."

Akainuka kwenda kutafuta msumeno wa chuma. Kulikata bomba lile kulimchosha, maana akichomelea huwa hana utani, na mara mbili nilimsikia akijitukana. Makovu aliyasugua, akayapaka rangi, akakaa kusubiri ikauke.

Jumamosi nikaitoa barabarani. Mguu ulipita bila taabu, kitenge kikatulia. Leodgar alitembea kando yangu, kichwa amekiinamisha, akisikiliza fremu. Melania alitoka mlangoni na kunipungia mkono.

"Simama," Leodgar akasema ghafla.

Nilidhani amesikia ufa. Kumbe alizunguka nyuma, akajiweka kwenye keria na uzito wake wote, akanishika kiuno.

"Haya, nenda. Tujue moja."

Nikakanyaga. Mwanzoni tuliyumba, watu wakasogea pembeni kutupisha, halafu gurudumu likashika njia. Nilisubiri mlio wa chuma, nikasikia pumzi zake tu mgongoni kwangu. Tukazunguka mtaa, tukapita tena nyumbani kwetu. Sikusimama, na yeye hakuomba kushuka.